Mazoezi ya nyumbani kwa mwenye MS: fanya kwenye ubaridi, na uache kabla miguu haijagoma

Naandika haya kwa wenye maltipo sklerosisi, ule ugonjwa ambao kwa kifupi tunauita MS, na khasa kwa wale wanaokaa nao nyumbani, mama, dada, mume, mtoto, kwa sababu ukishatoka hospitali umeambiwa "afanye mazoezi" unaachiwa neno hilo moja tu na kazi ya kujua mazoezi gani, saa ngapi na mara ngapi inabaki kwako. Mie namuuguza mdogo wangu wa kike, tuko Wete, kisiwani Pemba, sasa ni mwaka wa nne, na haya ndo tunayoyafanya baada ya kufundishwa na tabibu wa viungo na baada ya kukosea sana.

Nianze kidogo na ugonjwa wenyewe maana bila ya kuuelewa mazoezi utayafanya vibaya. Kwenye MS kinga ya mwili inageuka inashambulia ubongo na uti wa mgongo, inakula lile ganda la mafuta linalofunika mishipa ya fahamu, linaitwa mailini. Mshipa ukishavuliwa ganda, amri ya ubongo inafika mguuni imechelewa, au inafika nusu, au haifiki. Ndo maana mguu unaburura, unakakamaa, unakufa ganzi, na mtu anachoka uchovu ambao usingizi hauumalizi. Hauambukizi. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume na mara nyingi unaanza mtu akiwa kijana, miaka 20 mpaka 40. Na sio sihiri, hili nalisema kwa moyo wangu wote kwa sababu sisi tulizunguka miezi saba kwa waganga kabla ya kuvuka kwenda Dar kupigwa MRI, ile picha ya mashine inayoonesha ubongo na uti wa mgongo.

Mazoezi hayaponyi MS, asikudanganye mtu. Kinachopatikana ni kua ile misuli ambayo bado inapata amri inakua na nguvu, viungo havikazi, mtu haanguki anguka, na uchovu unapungua. Zamani hata madaktari wakiwaambia wagonjwa wapumzike tu wasijichoshe, mpaka ulipotoka uchunguzi wa mwaka 1996 huko Utah, Marekani, wenye MS walifanyishwa mazoezi wiki 15 wakatoka na pumzi na nguvu zaidi kuliko walivoingia. Kwa hiyo yule jirani atakaekwambia "mwacheni mtoto wa watu alale, mnamuua" anasema kwa mapenzi lakini msimfuate.

Sasa joto. Hapa ntakaa kidogo kwa sababu huku kwetu ndo kila kitu.

Mwaka 1890 daktari mmoja wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kua wagonjwa wake nuru ya macho ilikua inapungua wakishafanya mazoezi halafu inarudi. Baadae ikaja kueleweka kua sababu ni joto la mwili kupanda, mshipa uliovuliwa ganda ukipata joto hata kidogo tu unashindwa kupitisha amri. Sisi hatukua tunalijua hilo. Siku ya kwanza tulianza saa kumi za jioni, mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, tuko uwani na seredani pembeni inachemsha maharage, na mie namhimiza "ongeza moja, mama, ongeza moja." Alipofika ya nane nikaona goti linatetemeka, akanambia "Dada, miguu imekwenda," akakaa chini pale pale kwenye sakafu na hakuweza kuinuka. Mama akaanza kulia. Tulimbeba mpaka ndani tukamlaza chini ya feni na tukajua ndo basi, ugonjwa umeruka hatua. Saa moja na nusu baadae aliinuka mwenyewe akaenda chooni. Hakukua na kilichoharibika, lilikua joto tu. Lakini kwa ile khofu alikaa wiki sita hataki kusikia neno zoezi, na wiki sita za kulala kwa mwenye MS ni nyingi sana, kurudi hapo ulipokua kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuchagua saa. Sisi tunaanza baada ya sala ya alfajiri, hewa bado ina ubaridi na yeye bado hajachoka na siku. Kama asubuhi haiwezekani basi usiku baada ya isha, sio mchana wala sio jioni jua likiwa bado limo ukutani, maana kiambaza cha matofali kinatoa joto mpaka magharibi. Robo saa kabla ya kuanza anywe glasi ya maji baridi, roweka khanga kwenye maji ikamue umvishe shingoni, feni iwe inampiga. Usiku weka chupa mbili za maji kwenye friza zigande, kwa sababu umeme ukikatika asubuhi zile chupa ndo feni yako, zifunge kwenye taula azipakate au aziweke kisogoni. Usimwekee barafu tupu kwenye ngozi, mtu aliekufa ganzi hajui kama inamuunguza. Kusi likivuma, mwezi wa sita hivi, utaona anaweza zaidi, usishangae, na kaskazi ikirudi akipungua pia usishangae.

Na aende chooni kwanza. Wengi wenye MS mkojo unawabana ghafla, akiwa na wasiwasi huo hafanyi zoezi sawasawa, na kuna wanaojizuia kunywa maji kabisa ili wasipate haja, hilo ni kosa, maji yanatakiwa.

Hatua ya pili, mahali. Kiti kiwe cha mbao chenye mgongo, kimeegemezwa kwenye kiambaza kisirudi nyuma. Kile cha plastiki mkiache, kinateleza na miguu yake inafunguka mtu akiegemea upande mmoja. Kunja busati na mikeka, ondoa ndara njiani, na futa maji ya udhu sakafuni, kwetu sisi mtelezo mkubwa ulikua pale pale mlangoni pa choo. Avae kiatu chenye kushika kisigino, sio ndara, mguu unaoanguka mbele hauwezi kuikamata ndara. Wewe msaidizi simama upande wake dhaifu, nyuma kidogo. Usimvute mkono hata siku moja, bega la mtu mwenye udhaifu linatoka. Sisi tunakunja khanga tunamfunga kiunoni kama mkanda, nakamata hapo, hata akiyumba namrudisha bila ya kumuumiza.

Hatua ya tatu, pima kabla ya kuanza. Weka alama sakafuni meta 3 kutoka kwenye kiti. Akae kitako, ukisema haya ainuke, atembee mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, akae. Hesabu sekunde kwa simu, andika kwenye daftari na tarehe. Rudia kila baada ya wiki mbili, kiti kile kile, kiatu kile kile, saa ile ile. Bila ya daftari mtabishana kila siku kama kuna nafuu au hamna, na mgonjwa siku zote ataona hamna.

Sasa mazoezi. Anza kitandani, kunyoosha, hili ni la kila siku. Alale chali, pitisha khanga iliyokunjwa chini ya unyayo, akamate ncha zote mbili, goti limenyooka, avute taratibu mpaka asikie mvuto nyuma ya paja na kwenye shavu la mguu, hapo akae bila ya kuvuta vuta. Sekunde 30. Mdogo wangu hahesabu sekunde, anasoma Subhana Llah mara 33 polepole, inatosha kabisa na inamtuliza, mara mbili kwa kila mguu. Mguu ukianza kutetemeka wenyewe, ile tetemeko la haraka haraka la kifundo, msiogope wala msiupigie kelele, mkunje goti kidogo, ngojea litulie, halafu endeleeni kwa upole zaidi. Kama mikono haina nguvu ya kuvuta, msaidizi avute, lakini polepole mno, msuli uliokakamaa ukiuvuta kwa ghafla unakaza zaidi. Baada ya hapo bado yuko kitandani, akunje magoti, nyayo juu ya godoro, anyanyue kiuno, ashushe, mara 10. Hilo dogo tu lakini ndo linalokuja kumsaidia kugeuka usiku na kuvaa.

Zoezi ambalo mimi nikiambiwa nichague moja tu ndo ntalichagua ni kuinuka kwenye kiti na kukaa. Lina kila kitu ndani yake, nguvu ya mapaja, msawazo, pumzi, na ndo litakalokwambia kama kesho ataweza kuinuka chooni peke yake. Asogee mbele ya kiti mpaka nusu ya mapaja iko nje. Miguu airudishe nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hapa ndo wengi wanakosea, wanataka kuinuka wima kama mlingoti na hawawezi, wanarudi kitako, wanadhani hawana nguvu kumbe hawajainama. Akishainama asukume sakafu ainuke. Asimame sekunde mbili. Kisha ashuke kwa kuhesabu moja mpaka nne, asijitupe, ule ushukaji wa polepole unajenga msuli kuliko hata upandaji. Asizuie pumzi, atoe pumzi anapoinuka. Kama kiti ni kifupi kwake muongezee mto mgumu au blangeti lililokunjwa, na kila wiki chache punguza kimo. Aanze na 5. Akiweza 10 mpaka 15 bila ya kutetemeka basi apumzike dakika mbili afanye awamu ya pili. Baraza za nje pia ni nzuri kwa hili kwa sababu hazisogei, ila angalia kimo chake, nyengine ni fupi mno.

Akiwa pale pale kwenye kiti afanye na la kifundo: visigino chini, anyanyue vidole na nyayo juu, ashushe, mara 15. Ni kwa ajili ya mguu unaoburura, ule unaogonga kizingiti. Halafu asimame akikamata mgongo wa kiti au nondo za dirisha, apande juu ya vidole, ashuke, mara 10. Mwenye nguvu zaidi achukue tyubu ya baiskeli ya zamani, ioshwe, ikatwe iwe kamba, afunge kwenye mguu wa kitanda na kwenye kifundo, akae kitini avute mguu mbele. Kwa mikono chupa ya maji ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, hamna haja ya kununua vyuma. Haya ya nguvu yote ni mara mbili kwa wiki tu na ipite siku katikati, sio kila siku, misuli inajengeka mtu akipumzika.

Msawazo unafanywa kwenye pembe ya chumba, mgongo unatizama pembe, kiti mbele. Kwanza asimame miguu imebanana sekunde 30 bila ya kukamata. Akiweza, mguu mmoja mbele kidogo ya mwengine, halafu mbele kabisa kisigino kigusane na vidole. Kufumba macho msijaribu peke yenu, wengi wenye MS hawaisikii miguu yao iko wapi, macho ndo yanayowasimamisha.

Watu wananiuliza sana habari ya sala. Asiyeweza kusimama anasali kakaa, hilo dini imelisahilisha, lakini anaeweza kidogo asiache kuinuka kwenye sijida kwa khofu, mfundishe tu: kiti mbele yake, aweke mikono juu ya kiti, mguu wenye nguvu utangulie mbele, asukume. Na hiyo hiyo ndo njia ya kuinuka akianguka. Mfanyishe siku ambayo hajaanguka, akiwa na utulivu, juu ya godoro: ageuke ubavu, akae kwa mikono na magoti, atambae mpaka kwenye kiti, mguu wenye nguvu mbele, asukume, ageuke akae. Mdogo wangu alipojua kuinuka mwenyewe kutoka sakafuni khofu ya kutembea ilipungua zaidi kuliko zoezi lolote jengine tulilofanya.

Kutembea. Usipime kwa masafa, pima kwa dakika. Dakika tatu, kaa mbili, tatu tena. Wete kuna milima milima kwa hiyo chagueni njia iliyo sawa, na hesabuni baraza, sisi tunajua baraza ya kwanza ni ya nani na ya pili ni ya nani na tumewaomba wenyewe, kila mmoja anajua akimuona amekaa pale asubuhi anapumzika, hakupotea. Kasi iwe ile ambayo anaweza kuzungumza na wewe lakini kaswida hawezi kuisoma. Lengo ni kufika nusu saa mara mbili kwa wiki, ndo kiwango wataalamu wanachokitaja kwa wenye MS wa hali ya wastani, na hiyo nusu saa inaweza kugawanywa vipande vya dakika kumi kumi. Bakora inakamatwa mkono ulio kinyume na mguu dhaifu, mguu wa kushoto ukiwa dhaifu bakora mkono wa kulia, karibu kila mtu anaifanya kinyume.

Walio karibu na pwani, kutembea ndani ya maji ya kiunoni alfajiri ni kuzuri, maji yanambeba na yanampoza, ila awe na mtu wa kumkamata, avae viatu, na mjue maji yanajaa saa ngapi.

Anaetumia kiti cha magurudumu nae ana yake. Anyooshe kama nilivoeleza, anyanyue chupa, ajigeuze kulia na kushoto, na kila baada ya muda mfupi asukume mikono ya kiti ajinyanyue kitako au aegemee upande upande, hiyo inamkinga na vidonda vya kukaa.

Mwezi wa Ramadhani sisi tunahamisha kila kitu, anafanya baada ya tarawehe akiwa ameshakunywa maji ya kutosha. Kama anafunga au hafungi hilo ni la daktari wake na sheikh wake, khasa kama ana dawa za saa maalumu. Msimu wa karafuu nao unataka mpango, nyumba nzima inakua mashamba na usiku watu wanachambua makonyo, mgonjwa anabaki peke yake na majamvi yameanikwa kila pahali pa kupita. Wekeni zamu, na majamvi yaacheni njia ya kutosha mtu na bakora yake.

Kuongeza: kitu kimoja kwa wakati mmoja, na msiongeze kabla ya wiki mbili. Kipimo changu ni hiki, akimaliza zoezi akapoa, ndani ya saa mbili awe amerudi alivokua. Kama saa mbili zimepita bado miguu mizito, au kesho yake hakuinuka kitandani, ilikua nyingi, punguza nusu. Mwisho wa zoezi mtu awe anahisi angeweza kufanya mbili tatu zaidi, hizo mbili tatu ndo za kupikia na kuogea, msizimalize kwenye kiti.

Kuna siku za kutofanya kabisa. Akiwa na homa hapana, homa yenyewe inatosha kumlaza. Likitokea jambo jipya, mkono uliokua mzima umekufa ganzi, jicho linauma na kuona ukungu, mguu umelegea ghafla, na likadumu zaidi ya saa 24 hata akiwa amepoa, hiyo inaweza kua ugonjwa umeamka upya, simamisheni mazoezi na mpelekeni kwa daktari. Mara nyengine kinachomlegeza ni maambukizi ya mkojo tu, kwa hiyo ukisikia mkojo unauma au unanuka apimwe. Na shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na linauma msilikande, hospitali moja kwa moja. Kama hajawahi kuonwa na tabibu wa viungo basi muonesheni hata mara moja kabla ya kuanza haya, hospitali ya Mnazi Mmoja kwa walio Unguja wana kitengo cha viungo, atakwambia upande gani wa kuanzia, maana kila mwenye MS ana yake.

Na siku mbaya zitakuwepo. Kwenye daftari letu siku hizo tunaandika "khanga tu", maana yake alinyoosha miguu kitandani na zile Subhana Llah zake 33, akalala. Ziko nyingi mwezi wa pili na wa tatu, na katikati yake kuna vile vipimo vya kwenda kwenye alama na kurudi, sekunde 24, halafu 22, halafu 25 kaskazi ilipozidi, halafu mwezi wa saba 19.